Ulalo Ambao Sikuupima

Hapana, Nabwire, eneo halibaki lile lile. Hilo ndilo jibu la swali lako la Jumapili, lile nililolikimbia nikisingizia kwamba ng'ombe wameingia kwenye mahindi. Hakukuwa na ng'ombe. Nilisimama nyuma ya ghala mpaka moyo ukatulia, na niliporudi nilikuta umekwisha kuvifunga vijiti vyako kwenye kitambaa. Hukuuliza tena.

Kesho asubuhi utapanda gari moshi pale Malaba uende shule. Alasiri hii umekwenda kuwaaga majirani, nami nimebaki na karatasi. Habari za sabuni, blanketi na kalamu Nafula amezimaliza, kila kitu kimo sandukuni, kwa hiyo sitakuchosha nazo. Nataka kukuandikia habari ya vile vijiti.

Ulikata fito nne za urefu mmoja, ukazifunga kwenye kona kwa uzi wa katani, ukapata mraba. Ukaniita: "Baba, tazama." Ukaisukuma kona moja ya juu kwa kidole, mraba ukalala, ukawa rombasi. Ukazidi kusukuma. Umbo likawa jembamba kama jani la mkonge, na mwishowe fito zikalaliana kabisa. Ukacheka sana. "Pande ni zile zile nne, urefu ni ule ule, lakini ndani hakuna kitu! Sasa Baba, eneo linabaki lile lile kweli? Mtu akipimiwa shamba kwa kuzungukwa pembeni tu, si anaweza kupewa hewa?"

Ulicheka kwa sababu hesabu ilikupendeza. Hukujua kwamba unamsomea baba yako mashtaka.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja kamati ya mipaka ilipofika kwetu. Babu yako alituachia vipande viwili, mimi na baba yako mdogo Wandera, na siku zote tulivilima pamoja bila kuulizana. Kamati ikasema kila mtu awe na chake, aoteshe mkonge mpakani, na wapimaji wa serikali watafuata baadaye kuandika vitabuni. Kipande cha juu kiko kando ya barabara ya Busia, kimenyooka pande zote. Cha chini kimebanwa kati ya mto na njia ya zamani ya ng'ombe, na vyote viwili vinakwenda mshazari, basi nacho kimelala mshazari.

Unajua watu wa kwetu wanavyopima. Kamba ya hatua ishirini inavutwa mara tano kila upande, kutoka mkonge hadi mkonge. Ukimaliza kuzunguka unataja pande zako nne, wazee wanaitikia, watu wanakwenda kunywa uji. Hakuna aliyewahi kuvuta kamba ikakatiza katikati kutoka kona hadi kona, ule mstari ambao kitabu chako kinauita ulalo. Katikati kuna mazao. Nani akanyage mtama wa mwenzake ili apime kitu ambacho hakina mpaka?

Kamba nilipewa mimi, kwa kuwa ndiye niliyesoma sekondari na kufanya kazi ya ukarani kwenye ghala la pamba. "Karani, taja!" Nikataja. Juu: mia, mia, mia, mia. Chini: mia, mia, mia, mia. Mzee mmoja akapiga paja lake akasema, "Jamani, hata mayai ya kuku mmoja hayafanani hivi!" Watu wakacheka.

Wandera akasimama, akasema mbele ya wote, "Kaka, kama ni sawa, wewe chukua juu. Shemeji amelala juu. Mimi na Amoit wangu tutashuka mtoni."

Nakuomba uyasome maneno hayo polepole. Wandera hakunipa barabara. Alinipa kaburi la mama yako.

Nami nilijua. Mwalimu wetu wa hesabu aliwahi kuichora rombasi ubaoni na kutuuliza eneo lake, nasi wote tukapiga kelele kwamba ni upande mara upande. Akatuchapa kila mmoja kiganjani. Ni upande mara kimo, akasema, na kimo ni ule umbali unaosimama wima kutoka upande mmoja hadi mwenzake. Rombasi inavyozidi kulala ndivyo kimo kinavyopungua, na pande wala hazina habari. Niliposhika kamba kwenye kona ya mtoni niliona ilivyo kali. Mistari miwili ya mkonge ilikaribiana kama midomo ya mtu anayetaka kunong'ona. Kiganja kikaniwasha. Nikataja mia, nikaendelea mbele.

Baadaye, siku moja Wandera alipokwenda sokoni Amagoro, nilishuka peke yangu nikapima kwa hatua, nikipita katikati ya mtama wake. Kutoka kona kali hadi kona kali nilipata hatua mia na tisini. Ulalo wa pili ulikuwa sitini na tatu tu. Zidisha, gawanya kwa mbili, utapata elfu sita kasoro kidogo. Changu cha juu ni elfu kumi. Nililiandika jibu kwenye kiganja kwa kalamu, kisha nikakisugua kiganja kwenye nyasi mpaka likatoka.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Hapo sina budi nikuambie habari ya Nafula, ingawa najua hupendi kuisikia, na ingawa mpaka leo unamwita "yule mama" badala ya jina lake. Sikulazimishi.

Nilimwona sokoni Busia kabla kamati haijafika, mama yako akiwa ametimiza miaka miwili kaburini. Alikuwa amefika na samaki wakavu kutoka Port Victoria, amewapanga safu safu, vichwa upande mmoja, na alifunga kitambaa cha manjano ambacho hata leo nikikiona kwenye kamba ya nguo nasimama. Niliuliza bei mara nne. Akaniambia, "Boss, wewe unakula samaki au unakula bei?" Basi, nikawa nimekwisha. Nilirudi nyumbani na samaki ambao hatukuweza kuwamaliza, unakumbuka, ukauliza kama kuna sherehe. Ilikuwepo, mwanangu. Ilikuwa ndani yangu. Sasa ni mwezi wa tatu tangu tufunge ndoa, na bado nikisikia ndoo yake ikigusa kizingiti moyo wangu unaruka kama wa mvulana. Kazini naandika jina lake pembeni mwa karatasi, kisha nachana karatasi. Sikujua kwamba mtu aliyezika mke anaweza kupewa furaha kubwa namna hii mara ya pili.

Lakini baba yake alisema hatamtoa binti yake mpaka aone mahali atakapoishi. Nikaona nyumba ya mabati kando ya barabara, Nafula akiwa mlangoni, magari yakipita na wasafiri wakimsalimia. Niliiona nyumba hiyo wazi kabisa siku ile nikiwa na kamba mkononi. Ndiyo niliyoichagua.

Mavuno ya kwanza baada ya kugawana uliyaona. Mimi nilijaza ghala. La Wandera lilifika katikati. Yeye alipanda mbegu ile ile, Amoit alipalilia mara tatu, mvua ilinyesha juu ya wote. Mavuno ya pili yakawa vile vile, na hapo watu wakaanza kusema. Walisema Amoit anapitisha mtama Malaba kwa wachuuzi wa Uganda wanaotengeneza pombe. Walisema anapeleka kwao Amukura. Nani angefikiria shamba? Shamba lilikuwa limepimwa na msomi.

Siku Wandera alipomleta uani kwangu ulikuwa shuleni. Amoit alikuwa na mtoto mgongoni, amemfunga kwa leso yake ya kijani, yule mdogo wako uliyempa jina la Kifaranga. Nitakuandikia walivyosema, maana bado nawasikia.

"Kaka anavuna ghala zima," Wandera akasema. "Mimi nusu. Shamba ni sawa. Mtama uko wapi?"

"Uko pale ulipoula," Amoit akamjibu. "Au ulidhani unakula upepo?"

"Wachuuzi wa Malaba wanakujua kwa jina!"

"Hata mbwa wa Malaba wananijua kwa jina, si ndiko nilikozaliwa mama yangu alipokwenda kliniki? Nenda ukawaulize kama niliwauzia hata kikombe." Kisha akanigeukia mimi. "Shemeji, wewe umesoma. Hilo shamba la chini silielewi. Nalima nafika mwisho haraka. Mtu anayelima anajua. Mwambie ndugu yako."

Aliona, Nabwire. Hakukaa darasani hata siku moja, lakini jembe lake lilikuwa limekipima kimo.

Wandera akasema, "Kaka, sema basi. Si ni sawa?"

Nikasema, "Pande zote ni mia mia."

Hayo tu. Sikusema uongo. Ukipima leo utakuta mia mia. Nimeishi miaka mingi nikiamini kwamba mtu mwovu ni yule anayesema uongo, nikajiangalia mara nyingi nikajiona nimepona. Kumbe mtu anaweza kuchagua pande nne za kweli, akazitaja moja moja kwa sauti safi, na ndani yake akawa ameweka kitu kisichofanana na kweli hata kidogo. Sijui wewe utakuwa mtu wa namna gani. Najua tu kwamba siku ukiniandikia jambo na ukaona umelizunguka vizuri pembeni, nitatamani uvuke katikati hata kama unakanyaga mazao yangu.

Jioni hiyo Wandera alimpiga. Kesho yake Amoit alirudi kwao Amukura, Kifaranga mgongoni. Wewe ulilia wiki nzima, kwa kuwa ni yeye aliyekulea mama yako alipofariki, na ukaniuliza kama kweli mama mdogo ni mwizi. Nikakuambia hayo ni mambo ya wakubwa. Miezi miwili baadaye surua ikapita Amukura ikamchukua Kifaranga. Wandera alikwenda maziko, wakwe wakamrudisha njiani na jembe lake begani. Sisemi kwamba mtoto asingeugua kama angekuwa huku kwetu. Surua ilipita huku pia. Nasema baba yake angekuwapo, na mama yake asingezika akiwa na jina la mwizi.

Hayo yote niliyajua na bado niliweza kuoa, kucheza, kupigiwa vigelegele. Nilikuwa nimefurahi kweli. Sijui nilivigawaje ndani yangu, lakini niligawa. Kisha Jumapili ukaja na fito zako nne.

Jumatatu nilimwambia Nafula. Alikuwa anaupaka ukuta wa mbele kwa udongo mwekundu na mweupe, ile michoro yake unayoipita bila kuitazama. Ni rombasi tupu, safu kwa safu, ingawa yeye anaziita macho ya samaki. Nilimweleza mpaka mwisho. Mkono wake ukasimama ukutani.

"Kwa hiyo nimepamba ukuta wa watu," akasema.

Nikamwambia kwamba niliifanya kwa sababu ya kumpenda. Nilidhani hilo lingemlainisha. Aligeuka, na sijawahi kuona uso wake vile.

"Usinitwike, Barasa. Mimi niliolewa na wewe, sikuolewa na barabara. Ningekaa hata mtoni. Hukuniuliza. Huo mzigo ni wako, ubebe mwenyewe."

Akaosha mikono, akaacha safu ya mwisho nusu. Hajaimalizia, na tangu siku hiyo haimbi anapofagia. Nampenda kuliko nilivyompenda Jumapili, na ninaogopa zaidi.

Nilikaa nikapiga hesabu. Vipande viwili pamoja ni elfu kumi na sita. Kila ndugu astahili elfu nane. Nadaiwa ukanda wa hatua ishirini kwa mia, na mraba una pande nne tu za kukatia. Upande wa chini ni mwamba. Nikimpa huo nitakuwa namwibia mara ya pili. Upande wa magharibi korongo limekwisha kula udongo. Upande wa mashariki yumo mama yako. Umebaki upande wa barabara, na humo imo nyumba, mlango, ukuta wenye macho ya samaki. Hesabu haikunipa nafasi ya kujificha. Yale mashimo uliyoyaona leo asubuhi ukadhani ni ya migomba ni ya mkonge mpya, hatua ishirini kutoka barabarani. Mimi na Nafula tutahamia kwenye lile jiko la zamani karibu na korongo mpaka nijenge.

Mchana uliuliza kwa nini baba yako mdogo hakuja kula nasi siku yako ya mwisho. Sababu ni kwamba asubuhi, ulipokuwa mtoni unafua, nilimwita na ile kamba. Nikamwambia ashike upande mmoja. Tukavuta kutoka kona hadi kona, katikati ya mtama wake, yeye akicheka kwamba Kaka amepata wazimu wa ndoa. Tukavuta ulalo wa pili. Hakuhitaji kuzidisha wala kugawanya. Mara ya kwanza kamba ilikwenda mara tisa na nusu, mara ya pili mara tatu na hatua chache, na alikuwa amesimama hapo hapo akiona shamba lake lilivyobanwa. Akaacha kucheka.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile."

Akakaa chini kwenye tuta. Nikaanza kumweleza habari ya ukanda wa barabarani, nyumba, wapimaji wanaokuja mwezi huu na mnyororo wa chuma. Hao wanalikata kila shamba pembetatu pembetatu, liwe na pande nne au tisa, kwa kuwa pembetatu huwezi kuisukuma ikalala. Wangepata namba za kweli, wangeziandika kwa Kiingereza kwenye karatasi ya kila mtu, na Wandera, asiyejua kusoma, angeikunja karatasi yake na kuiweka darini. Kitabu kingefungwa. Nilitaka ajue kwamba nimewahi kabla hakijafungwa. Nilikuwa bado nataka sifa, mwanangu, hata pale.

Hakuwa ananisikiliza. Akasema, "Nilimpiga kwa ajili ya mtama ambao haukuota."

Nikasema, "Wandera."

"Nilimpiga, Kaka. Kwa mtama ambao haukuota."

Akakwangua tope kwenye kidole cha mguu. Halafu akasimama, akakunja kamba vizuri kama mtu anayetunza mali, akanirudishia. "Nyumba yako siitaki leo, siikatai. Nenda Amukura. Kamwambie yeye, mbele ya baba yake na ndugu zake na hao majirani waliomwita mwizi. Kwa mdomo wako, si kwa barua. Mimi nitakwenda baada yako, kama kutakuwa na njia."

Ndiyo sababu hakuja kula. Usimchukie kwa kutokuaga. Na mimi, unichukie ukipenda. Nimekuandikia nikijua utasoma ukiwa kwenye gari moshi na sitaweza kuuona uso wako, na huo nao ni woga.

Nitakwenda Amukura Jumamosi. Nafula amesema atanisindikiza mpaka njia panda, hatavuka hapo. Sijui Amoit atasema nini. Anaweza kunitemea mate, na ndugu zake ni watu wenye nguvu. Sitajitetea kwa habari ya surua wala ya Nafula. Nitachukua fito nne na uzi, niuweke mraba mbele yake, niusukume kama ulivyousukuma wewe, ili aone kwamba jembe lake lilikuwa sahihi na mimi nilikuwa najua. Kama atataka kurudi, atarudi kwenye shamba linalotosha. Kama hataki, wapimaji wataandika elfu nane kwa jina la Wandera hata hivyo, na jina lake yeye litakuwa limesafishwa na yule aliyelichafua.

Fito zako nenda nazo. Huko watakufundisha kuweka ya tano, kutoka kona hadi kona, na utaona umbo linavyokataa kusogea hata ukilisukuma kwa nguvu. Hiyo ya tano sijakukatia. Nitaikata mwenyewe na kukuletea.

Kabla mwezi haujaisha nitakuja shuleni kwako, siku ya kutembelewa, kwa gari moshi la asubuhi. Simama mahali unapoliona lango. Tukiwa wawili, mmoja wetu amefunga leso ya kijani unayoijua, mkimbilie yeye kwanza. Nikiwa peke yangu utakuwa umejua jibu kabla sijafika, nami bado nitakuwa nimekuja.

Baba yako,
Barasa